Moyo Ulao Ukoko

Asubuhi moja ya kaskazi nilisimama katika diko la Malindi, Unguja, nikimtazama kijana mmoja mpasuaji wa samaki akimtumbua papa mchanga asiyezidi urefu wa mkono, naye alipokwisha kuyatoa maini, ambayo kwa papa huwa makubwa kupita kiasi, aliukata moyo akauweka kando juu ya ubao, ukakaa pale peke yake, mwekundu uliokoza, mkubwa kiasi cha zambarau, ukijikaza na kujilegeza, ukijikaza na kujilegeza, kana kwamba bado kuna mwili mahali fulani unaoingojea kazi yake. Kijana aliponiona nimeinama alidhani nataka kununua. "Shikamoo, babu. Huyo keshapata mtu." Nikamjibu kuwa sitaki papa, nataka kuutazama moyo. "Utazame tu," akasema, "mwenyewe kesha kufa zamani, lakini moyo haujapata khabari." Akaendelea kupara changu wa mtu mwingine, akamaliza, akaanza wa pili, na moyo ule ulikuwa haujanyamaza, kila pigo lilichelewa kuliko lililotangulia, hata ikawa kati ya pigo na pigo naweza kuvuta pumzi mara mbili, walakini ulipiga.

Niliondoka pale na swali ambalo halikuniacha kwa siku nyingi, nalo si lile la kwamba moyo uliotengwa na mwili waweza vipi kupiga, kwani hilo lina jawabu lake katika umbile la nyama ya moyo, ambayo hujiamrisha yenyewe bila ya kungoja amri ya ubongo. Swali langu lilikuwa juu ya chakula chake. Moyo huu, ulipokuwa ungali kifuani, ulikuwa ukila nini, na ukila lini, na ukila baada ya nani?

Msomaji ambaye hajapata kuufuata mzunguko wa damu ya samaki na aufuate nami sasa. Damu iliyokwisha kuzunguka mwilini, ikagawa oksijeni yake kwa mkia na mapezi na matumbo na macho, hurudi hali imeiva weusi na imefukarika, ikaingia katika moyo, ambao kwa samaki ni vyumba vilivyopangwa kwa msafara mmoja, kimoja nyuma ya kingine, na moyo huisukuma mbele mpaka kwenye mashavu, yale ambayo vitabu vya shule huyaita matamvua. Huko ndiko damu inakokutana na maji, na huko ndiko inakotajirika. Lakini ikisha kutajirika hairudi moyoni, bali hushika njia moja kwa moja kwenda kuhudumia viungo, na moyo huiona tena pale tu itakapokuwa imekwisha kugawa sehemu kubwa ya ilichokuwa nacho. Kwa mtu si hivi, kwani moyo wetu una pande mbili, na damu itokayo mapafuni hupita kwanza upande wa kushoto kabla ya kuelekea mwilini, na mishipa ya kuulisha moyo wenyewe huchipuka pale pale kwenye shina la mshipa mkuu, damu ikiwa haijafika kwa kiungo kingine chochote. Moyo wa mtu, basi, ndio wa kwanza kupakuliwa. Wa samaki, katika mpango huu wa asili, ndio wa mwisho.

Neno hili la kupakua limenijia kwa sababu kila nilipolifikiri jambo hili sikuweza kumwondoa mama yangu mbele ya macho. Nyumba yetu ilikuwa na watu wengi, na mama ndiye aliyekuwa akipakua: sinia ya wanaume kwanza, kisha ya watoto, kisha sahani za wakongwe wasioweza kutoka vyumbani mwao, na mwisho, watu wote wakisha kunawa, yeye huketi jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akakwangua ukoko kwa upawa, akautia mchuzi uliobakia, akala. Ukoko una utamu wake, nani asiyejua. Lakini ukoko ni masazo. Na zilikuwako siku, khasa za Ramadhani na za khitima, ambazo wageni huzidi, na siku hizo ndizo alizokuwa akisimama motoni tangu adhuhuri, na siku hizo hizo ndizo ambazo chungu hukwanguliwa na wengine hata ukoko usibaki, ikawa pale alipofanya kazi kuliko siku zote ndipo alipobakiziwa haba kuliko siku zote. Moyo wa samaki uko katika hali hiyo kweli kweli, wala sisemi kwa kupamba maneno. Samaki akienda mbio, ama kwa kufukuza riziki yake ama kwa kukimbia asiwe riziki ya mwingine, misuli yake huikamua damu oksijeni zaidi kuliko wakati wa utulivu, na fauka ya hayo huimwagia ukali wa asidi, na damu hiyo iliyokamuliwa na kukaushwa ndiyo inayoufikia moyo, ambao wakati huo huo watakiwa upige kwa nguvu kuliko wakati wowote.

Tofauti ni kwamba mama alikuwa na khiari. Angeweza kujipakulia kwanza, na hakuna ambaye angemlaumu, na kwa kuwa angeweza na hakufanya, kitendo chake kina jina katika dini na katika adabu za watu. Moyo haukuchagua. Kwa hiyo naomba tusiufanye moyo wa samaki kuwa waadhi wa ukarimu. Mimi mwenyewe nilishawishika kufanya hivyo, nikaona ni dhuluma, kwa mama na kwa samaki pia.

Sasa litazame umbile lenyewe, kwani humo mna mengi. Ukiupasua moyo wa samaki kwa wembe hukuti ukuta mmoja mnene kama wa moyo wa mbuzi. Wakuta nyama iliyosukwa mfano wa sifongo, nyuzi juu ya nyuzi, vishimo ndani ya vishimo, na damu inapoingia huzama humo kote, hata pasiwe na uzi wa nyama ulio mbali na damu, na kila uzi hunywa kutoka katika damu ile ile unayoisukuma. Samaki wengi wenye mifupa huishi hivi tu, bila ya mshipa wowote wa kuulisha ukuta wa moyo, na miongoni mwao wamo wa jamii ya gayogayo, walalao ubavu juu ya mchanga na wasiokuwa na haraka ya maisha. Wamo na wale samaki wa bahari ya barafu ya Kusini ambao damu yao haina hata ile rangi nyekundu ya kuchukulia oksijeni, na ambao mioyo yao imekuwa mikubwa kupita ya wenziwao wa umbo kama lao, ili wingi wa damu ufidie unyonge wake.

Lakini sifongo ina mpaka wake, kwani samaki aishiye kwa mbio ahitaji moyo wenye ukuta, nao ukuta ukisha kuwa mnene hauwezi tena kunywa kutoka ndani. Jodari, asiyejua kusimama tangu kuzaliwa kwake hadi kufa, juu ya sifongo yake amevikwa tabaka la nyama iliyoshikamana, ambalo kwake huweza kupita nusu ya chumba kikuu cha moyo. Samoni wa bahari za baridi naye analo. Na tabaka hilo imebidi liletewe chakula chake, ukawapo mshipa mwembamba utokao mahali ambapo damu yaachana na mashavu, ikiwa ingali mpya, ukarudi nyuma mpaka moyoni na kuutambaa. Papa na taa wote wanayo mishipa hiyo, tena kwao huingia hata ndani ya sifongo, ilhali wale samaki wa kale wasiokuwa na taya hawanayo kabisa. Papa yule wa Malindi, basi, hakuwa akila ukoko peke yake: penye shina la moyo wake, pale ulipokuwa ukijikunja juu ya ubao, ilipita mishipa myembamba kama uzi wa kushonea kofia, nami wakati ule sikujua kuwa ndiyo. Wataalamu wamepata kuwafunga samoni mshipa huu, wakaona kwamba samaki hawafi kwa hilo, ila mbio zao hupungua. Na wameona pia kwamba mishipa hiyo hiyo kwa samoni huvimba na kuziba kwa ndani kama ivimbavyo ya wazee wetu, maradhi ambayo asiyekuwa na mshipa hawezi kuyapata.

Mwenye kuipenda tarehe ya elimu atakumbuka hapa ugomvi mmoja wa zamani. Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka pande za Damascus akaishi na kufanya kazi Misri hata akafa Cairo mwaka 1288, aliandika akiwa bado kijana, mwaka 1242, sherehe ya mambo ya anatomia yaliyomo katika Kanuni, kitabu cha utabibu cha Ibn Sina, na humo alikanusha maneno ya Galen, tabibu wa kale wa Kiyunani, kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili kwa vitundu visivyoonekana, akasema kwamba haina njia ila ya kupitia mapafuni. Na katika kitabu hicho hicho, jambo ambalo watu hulitaja kwa nadra, alimkanusha Ibn Sina aliyesema kwamba moyo hupata chakula chake katika damu iliyomo ndani ya chumba chake cha kulia, akabainisha kwamba moyo hulishwa kwa mishipa iliyoenea katika nyama yake. Maneno hayo yalikaa kimya katika makhazini ya vitabu mpaka mwaka 1924, alipoyafufua tabibu wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipokuwa akisoma Ujerumani. Ibn al-Nafis alisema kweli kwa mtu. Lakini kauli ya Ibn Sina, iliyokuwa kosa kwa mtu, lau ingesemwa juu ya gayogayo ingekuwa sahihi, maana moyo wa gayogayo hula hasa katika damu iliyomo ndani ya vyumba vyake. Nimelikalia jambo hili muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza: kwamba wanavyuoni wawili wameushika ukweli mmoja mmoja, na kilichowatenga ni kiumbe kipi kilikuwa kikisemwa.

Na hapa ndipo linapoingia suala la dini. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema katika kitabu chake cha Ihya kwamba haukuwezekana ulimwengu ulio bora na wa ajabu zaidi kuliko huu uliopo, na kwa kauli hiyo aliwasha moto ambao ulikuwa bado unawaka baada ya karne nne, mwanachuoni al-Biqai akiipinga kwa khofu kwamba yaitia mpaka kudura ya Mwenyezi Mungu, na al-Suyuti akisimama kuitetea. Moyo wa samaki huuleta ugomvi ule mezani upya. Maana ikiwa lililo bora ni moyo kuwa na mshipa wake, mbona gayogayo amenyimwa? Na ikiwa lililo bora ni kutokuwa nao, mbona jodari ametwishwa? Na ikiwa Fundi ni mmoja na hikima yake haina upungufu, mbona kiungo kinachobeba wengine wote kimewekwa mwisho wa foleni, kingoje masazo, na masazo yenyewe yapungue siku ya dhiki? Wako wanaoitumia hoja ya namna hii kusema kwamba hapana Fundi, nami siwapuuzi, kwani angalau wametazama. Wanaonisikitisha zaidi ni wale wa upande wangu ambao hujibu upesi kwamba kila kitu kina hikima yake, kisha wakaondoka bila ya kukifunua kitu chenyewe, kwani kuisema hikima kabla ya kuitafuta ni uvivu uliovaa kanzu ya ucha Mungu.

Mimi nimeona mwanga kidogo, na mwanga huo nimeupata katika lugha. Sisi watu wa Pwani twasema kadiri, tukikusudia kiasi, kama vile kadiri ya chumvi katika mchuzi. Na twasema takdiri, tukikusudia lile aliloandikiwa mja. Na twasema kudura, tukikusudia uwezo wa Mola. Nayo yote matatu yametoka katika shina moja la Kiarabu. Tumezoea kuisikia takdiri kama mlango uliofungwa, na tumesahau kwamba ndani ya neno hilo mna kipimo, mizani ya duka, kibaba cha mpimaji. Kiumbe hakupewa kilicho bora bila ya kusema bora kwa nani, bali alipimiwa. Moyo wa gayogayo haukudhulumiwa mshipa, kwa kuwa kazi yake yatoshelezwa na damu ipitayo, na mshipa kwake ungekuwa mzigo na mlango wa maradhi. Na moyo wa jodari haukupendelewa, kwa kuwa umelipishwa. Yafuata kwamba neno la Ghazali haliwezi kuthibitishwa wala kubatilishwa kwa kuutazama moyo mmoja, kama ambavyo huwezi kujua kama mpishi amekosea kwa kuonja chumvi peke yake.

Nakiri kwamba jawabu hili halimalizi kila kitu, maana kipimo hicho hakikusimama. Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita samaki wenye mifupa walikuwa na kijifuko kilichochipuka kooni, ambamo waliweza kumezea hewa ya juu ya maji, na kijifuko hicho ndicho asili ya mapafu yetu, na ndicho kilichogeuka, kwa samaki wengi wa leo, kikawa kibofu cha kuwaelesha majini. Kwa nini mapafu yalitangulia kuwapo kwa mnyama wa majini? Jawabu la zamani lilikuwa kwamba samaki hao walikwama katika madimbwi ya maji baridi yaliyokuwa yakikauka na kupungukiwa na oksijeni, wakatafuta hewa ili wasife. Mwaka 1997 mwanasayansi wa Marekani, Colleen Farmer, alilitolea jambo hili fikra nyingine, akisema kwamba mapafu yalianza kwa ajili ya moyo. Hoja yake yapendeza kwa urahisi wake: samaki kadhaa wa kale wenye mifupa wamepatikana katika mashapo ya baharini, wala si katika madimbwi, na damu itokayo katika kijifuko cha hewa haiendi mwilini, bali huingia katika mkondo urudio moyoni, jambo ambalo wataalamu waliona ni taksiri ya umbile, kwa kuwa damu iliyokwisha kupata hewa huchanganywa na isiyokuwa nayo, kisha ikapelekwa mashavuni ambako yaweza hata kuipoteza majini. Taksiri, ndiyo, ikiwa kusudio ni kuulisha mwili. Lakini ikiwa mwenye njaa ni moyo, njia hiyo haina kombo: chakula kimepitishwa kwenye mlango wa jikoni. Samaki aliyemeza funda la hewa katikati ya mbio aliupatia moyo wake tonge moja kabla ya wageni kumaliza, na aliyeweza hivyo aliishi akazaa, na miongoni mwa wanawe wakawamo wenye kifuko kikubwa kidogo kuliko cha baba yao.

Fikra hii bado yajadiliwa, nami siichukui kama wahyi. Lakini aliye karibu na Ziwa Viktoria aweza kwenda kumtazama kamongo, ambaye wengine humwita kambare mamba, akipanda juu ya maji kuvuta pumzi, samaki ambaye akizuiwa asifike juu hufa kwa kukosa hewa, na ambaye damu ya mapafu yake hurudi kwa mshipa wake pekee hadi upande wake wa moyo, pakiwa pameanza kujengeka kiambaza baina ya pande mbili. Na ukame unapoingia hujizika katika tope, akajifunga ganda la ute, akalala miezi mingi kwa pumzi hizo. Mmarekani Homer Smith, bingwa wa elimu ya figo, alimfuata kamongo huko, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokipa jina la samaki huyo, ambamo mwanasayansi na padre wa Kianglikana wanazungumza merikebuni juu ya kama uhai una makusudio, na mwanasayansi hayaoni, kwani kamongo alishika njia, akafika mahali, akakaa hapo.

Lau ningekuwa abiria wa tatu katika merikebu ile, ningewaambia kwamba wote wawili wanayatafuta makusudio mwisho wa njia, kana kwamba kamongo alikuwa na ahadi ya kuwa mtu akashindwa kuitimiza. Mimi naona yamo katika kila hatua iliyotosha. Kusema kwamba kifuko kile kilikua kidogo kidogo, kwa kuishi wa hawa na kufa wa wale, ni kuitaja sababu, na sababu si mshindani wa Mwenye kuisababisha, kama ambavyo mvua si mshindani wa Mwenye kuruzuku. Na njaa ya moyo, ile iliyoonekana kuwa kasoro ya kazi ya Fundi, ikiwa kweli ndiyo iliyotangulia kufungua kifua cha samaki kwa hewa, basi adhana za mji huu, na vilio vya watoto wanaozaliwa, na neno lolote ninalolitamka, vimepita katika upungufu ule.

Moyo wetu sisi hula kwanza, nimekwisha sema, na hujitwalia karibu sehemu moja katika ishirini ya damu yote tunapokuwa tumetulia. Lakini hata huo una sharti lake, kwani ukuta wake ukijikaza huibana mishipa yake mwenyewe, hata upande wa kushoto, wenye kazi kubwa zaidi, upate sehemu kubwa ya chakula chake katika kile kipindi unapojilegeza. Wala haukuanza hivyo. Kabla ya wiki ya nne kutimia tangu mimba kutunga, moyo wa kijusi huwa umekwisha kuanza kupiga, na mishipa ya kuulisha haijawapo. Katika wiki zinazofuata nyama yake husukwa nyuzi nyuzi kwa ndani, nayo hunywa katika damu ipitayo, kama wa gayogayo, mpaka hapo baadaye itakapoletewa mishipa yake na kushikamana kuwa ukuta. Nami huhesabu nyuma, kwa miezi, na hufika kila mara katika jikoni ile ile: mama ameketi juu ya mbuzi, wageni wameondoka, akwangua chungu kwa upawa, na hajajua bado kwamba ndani yake mna moyo mwingine, mdogo kuliko punje ya wali aliyoishika, unaokula baada ya wote.